Injini Mpya ya Landrova Yetu

Bukoba, 12 Juni 1956

Alistidia wangu,

Kaka yako Rweyemamu ameniandikia: “Gari la petroli halibebi injini ya dizeli. Dada hapandi tena jeneza lako.” Amekosea, na namjibu hapa hapa kwa kuwa ndiye atakayekusomea barua. Rweyemamu, wewe hujawahi kufungua hata bolti ya baiskeli. Soma, usiruke mstari.

Injini nimeitoa kwenye lori lililopinduka. Ni nzito, kwa hiyo nimeongeza springi za mbele. Jana nilipakia magunia manane ya kahawa nikapanda kilima cha Buganguzi, wala haikuzimika.

Ndiyo, ile ya petroli ilizimika mwaka jana kwenye kilima hicho hicho. Mtoto wetu akazaliwa kando ya barabara, na hakulia. Sijasahau, mke wangu. Ndiyo maana mikono yangu inanuka dizeli.

Nasikia mama yako hataki uende hospitali bila yeye, naye kwa mila hawezi kukaa gari moja na mkwewe. Ana haki. Nimetundika pazia la lubugo, kitambaa cha gome la mti, nyuma ya kiti changu. Hataniona, na kwa ngurumo ya injini hii hata nikikohoa hatanisikia.

Rweyemamu, Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo Ngenge. Mtoe dada yako na mama, tufike hospitali ya Rubya kabla siku za dada yako za kujifungua hazijatimia. Nawe upande, ukae mbele, ubishane nami njia nzima.

Mumeo anayekuwaza,
Rugaibula