Nimelifuta Jina Lako Kwenye Seva

Mzee Kirit, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa ofisini, mezani kwako. Tangu uondoke mengi yamebadilika. Ukuta umepakwa rangi, Selemani, kijana wetu wa kompyuta, ameoa, na muuza kahawa wa pale chini bado ananiulizia habari zako kana kwamba umesafiri tu. Lakini leo nataka nikueleze ya ile seva yetu kubwa, kompyuta inayopokea oda zote, uliyoiwasha wewe mwenyewe mimi nikiwa bado nasoma shule ya msingi kule Moshi.

Kampuni moja ya mtaa wa nyuma hapa Kariakoo iliingiliwa. Wezi wa mtandaoni walipita kwenye programu ya zamani ya kuingilia seva kutoka mbali, wakafunga kila kitu. Bosi wetu, Bi. Rehema, akaniita. "Aika, na sisi je?" Nikamwambia ukweli: yetu ni ya zamani kuliko yao. Akasema programu ibadilishwe.

Nilirudi mezani. Unaijua mashine ile, ukiizima huenda isiamke. Ukikosea kwenye programu hiyo unabaki nje, na hospitali za Kigoma na Mbeya zinaagiza dawa humo humo. Nawe hukuwepo.

Nikakumbuka siku ya kwanza uliponiruhusu kuigusa. Watu walidhani nimeletwa kupokea simu. Wewe ulinivutia kiti ukasema, "Bibie, usifunge dirisha ulilomo hapa kwenye skrini. Fungua jingine, ingia, toka, ingia tena. Likikubali, ndipo ufunge la kwanza." Halafu ukaenda kunywa chai! Nikakuita mlangoni, "Mzee, nikiharibu?" Ukajibu bila kugeuka, "Tutatengeneza." Hujui neno lile limenibeba miaka mingapi.

Basi Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani, nikaanza. Nilichukua nakala ya kila kitu, nikahakikisha kwenye kompyuta nyingine kwamba inafunguka. Programu ya zamani nikaiacha ikifanya kazi. Mpya nikaiweka pembeni yake, na mlango wake wenyewe. Selemani alikuwa kwake Kigamboni, simu sikioni, ajaribu kuingia kutoka huko.

"Dada, inanikataa."

Akajaribu tena. "Inanikataa kabisa."

Mzee, nilikumbuka maneno yako. Dirisha la zamani lilikuwa wazi mbele yangu, sikuwa nje. Nikasoma mashine inalalamikia nini. Kumbe programu mpya haitaki faili la ufunguo wa seva linaloweza kusomwa na kila mtu. Nikalifunga, lisomwe na seva yenyewe tu. "Jaribu sasa." Halafu Selemani akapiga kelele mpaka nikasikia mkewe akimuuliza kuna nini. "Nimeingia! Dada Aika, nimeingia!" Nikamwambia atoke, aingie tena. Akaingia. Ndipo nikaufunga mlango wa zamani.

Jumatatu oda za dawa zikaingia kama kawaida. Hakuna hospitali iliyojua kwamba kuna kitu kilitokea. Ungefurahi.

Likabaki jambo moja. Asiyefanya kazi hapa tena anatakiwa aondolewe kwenye orodha ya seva. Jina lako lilikuwa bado na ruhusa ya kuingia saa yoyote... Niliwafuta wengine wote nikaliruka la kwako. Nikaenda dirishani, nikarudi. Mwisho nikampigia mkeo, Mama Hema, nikamweleza. Akasema, "Futa, mwanangu. Ukiliacha atakugombeza huko huko aliko." Tukacheka, kicheko kikageuka kilio, kwake na kwangu. Nikafuta huku bado yuko kwenye simu.

Ahsante, Mzee. Ulinipa kazi ya kweli wakati wengine wananipa funguo za stoo. Ahsante kwa kuniamini kabla mimi sijajiamini.

Mama Hema amenialika kula Jumamosi. Anasema atapunguza pilipili kwa ajili yangu. Sijui kama nimwamini. Watoto wako mbali, na nyumba, ameniambia, imekuwa kimya mno. Nitakwenda Jumamosi hii, na nyingine, na nyingine. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Mzee wangu. Pumzika. Mama hatakula peke yake.

Mwanafunzi wako,
Aika