Bogonvilia za Kuziba Njia ya Baba Mdogo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimepungua na hapo Ulemo mnaendelea vizuri. Mimi huku Moshi ni mzima wa mwili, ila hasira zinaninyima usingizi.

Tangu mdogo wangu Esta aniambie kwamba baba mdogo ameng'oa minyaa ya mpaka, ile aliyoipanda marehemu baba kwa mikono yake, sijatulia. Matanga tumeanua juzi tu, mtu anapitisha ng'ombe uani kwako kama zizini kwake. Nilimpigia simu, akacheka. "Mwanangu, sisi ukoo mmoja. Mpaka wa nini?" Mwenyekiti wa kitongoji naye anasema tumalizane kifamilia. Haya, tutamalizana.

Hapa bustanini ninapofanya kazi tunaotesha bogonvilia, kile kichaka kisichopukutisha majani, chenye maua mekundu kama karatasi. Wateja wanaona maua. Mimi naona miiba. Nimekuoteshea miche kwenye viriba vya plastiki, kondakta wa basi ataishusha Misigiri, Esta akaipokee.

Ipandeni palepale palipokuwa na minyaa, kati ya jiko na ukuta wa ghala. Jua linapiga kutwa, na ule upepo wetu haufiki. Changanyeni samadi iliyooza vizuri, na mzungushie matawi ya mgunga ili ndama wasiing'ate. Ikishika, punguzeni maji. Ukiinywesha sana inatoa majani matupu. Ikionja kiu ndipo inachanua. Kateni ncha zake mara kwa mara, isongamane.

Siku ya kupanda, waite balozi wa nyumba kumi na wazee wasimame mashahidi, kama tunavyofanya kwa mpaka wowote. Baba mdogo mwite pia. Mwambie kwamba mwanao ametuma maua ya kupendezesha mji. Kwa anavyopenda sifa, atashika jembe mwenyewe. Na aliyepanda mpaka mbele ya wazee hana tena mdomo wa kuukana.

Najua utaniambia nimsamehe, ni damu ya baba. Nitamsamehe, mama, ila siyo kabla miiba haijamfika kifuani.

Nisalimie bibi, na shangazi wa Kintinku akija. Mwambie Esta asome. Baba mdogo usimpe salamu zangu. Siku atakapolazimika kuzunguka hadi mlango wa mbele na kupiga hodi, usiitikie upesi. Mwache apige tena.

Mwanao akupendaye,
Neema