Soksi Zote Mbili

Chumba cha Kufungia Vidonda,
Kliniki yetu ileile.
Jumatano, tarehe 12.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linasemaje, na sukari umepima lini? Usinijibu "juzijuzi", nakujua. Huku hatujambo, ila Mama kagombana na miwani yake mpya, anadai inamzeesha.

Mimi mwili mzima, lakini roho juu.

Sisi wauguzi wa kliniki tumeletewa mikataba mipya. Mshahara wa mwezi tuliouzoea unaondoka. Sasa tutalipwa kwa idadi ya wagonjwa, na kila mmoja kapangiwa dakika kumi, awe amekuja kuchomwa sindano au kufungwa kidonda. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa. Asiyesaini, nafasi yake itatangazwa. Meneja alitueleza haya huku akitabasamu kama anayegawa pipi.

Mwezi uliopita walitujaribisha kwa wiki mbili. Unajua ninavyofanya kazi polepole, hata hapa wananiita Kobe. Basi nikataka kuwaonyesha kwamba Kobe naye anaweza kukimbia. Siku ya kwanza tu niliongoza kwa idadi, na kichwa kikavimba, sikufichi.

Nina mgonjwa tunayemwita Fundi Saa, mzee mwenye kisukari na kidonda mguu wa kushoto. Siku zote humvua soksi zote mbili, maana miguu yake ina ganzi na haimwambii kitu. Wiki ile nilimvua moja.

"Na huu mwingine umeususia?" akaniuliza.

Nikacheka. "Huo mzima, babu. Tutauangalia siku nyingine."

Akatoka, nikaweka alama kwenye orodha, nikaita mwingine.

Aliporudi, harufu ilimtangulia. Nilipovua soksi ya kulia nikakuta skrubu ndogo ya saa imezama chini ya kidole gumba. Alikuwa akiikanyaga siku zote hizo bila kujua. Sasa amelazwa hospitali kubwa, na bado hawajui kama kidole kitapona au kitakatwa. Nilipokwenda kumwona hakunilaumu hata kidogo, aliniuliza tu kama nimekula. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikalia.

Nimeandika taarifa yote bila kujitetea. Pia nimeomba waongeze jambo moja kwenye mkataba: mgonjwa wa kidonda asipangiwe dakika. Daktari wetu ananiunga mkono, ila kwa kunong'ona. Mwenzangu wa chanjo kaniambia, "Kobe, utatuponza sote." Huenda ni kweli. Meneja atanijibu Ijumaa hiyohiyo. Akikataa, ama nisaini niendelee kumvua mtu soksi moja, ama nikose kazi, na watoto wangu hawana mwingine wa kumtegemea. Naogopa, Dada. Naogopa zaidi kwamba nitasaini.

Msalimie sana Shemeji. Kitinda mimba wako mwambie mama mdogo hajasahau vile viatu. Mola awafunike nyote kwa rehema zake, na Ijumaa mnikumbuke katika dua.

Na wewe uliyerithi sukari ya Baba, ukimaliza kusoma hapa usiseme kesho. Kaa kitandani, vua soksi zote mbili, umwite Shemeji akuangalie nyayo. Mikono yangu haifiki huko.

Mdogo wako akupendaye na kukuwaza,
Kobe