Ngazi Moja na Mama Mkwe

Jumanne, Manyoni. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye chai. Kichwani mwangu nako vumbi tupu.

Nyumba zetu za kota, hizi za chini za watu wa reli, zinabomolewa. Nyuma yake ghorofa limeshasimama, linanuka saruji mbichi. Bwana wa halmashauri, yule mwenye viatu vilivyochongoka, ametueleza kwamba mji unakua lakini ardhi haikui, kwa hiyo watu tupangwe juu kwa juu. Nikamuuliza kama tumekuwa magunia ya alizeti. Akacheka, akaendelea kupanga.

Mimi na mke wangu, Mama Neema, tumepewa ghorofa ya pili. Chini yetu, ghorofa ya kwanza, kapewa mama yake mzazi.

Hapo ndipo akili yangu ilipogoma.

Mimi nimelelewa Sepuka. Nilivyofundishwa, mwanaume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Ukimwona anakuja, unaacha njia. Bibi huyu anakaa nyumba ya mwisho ya kota hizi tangu mumewe yu hai, na tangu nimuoe binti yake mimi napita nyuma, kwenye alizeti, kama mwizi wa kuku. Salamu zangu anazipeleka mke wangu, za kwake zinarudi kwa njia hiyo hiyo. Hatujawahi kugombana hata siku moja.

Sasa alizeti zimefyekwa, na ngazi ni moja. Halafu niwe natembea juu ya kichwa cha mama mkwe! Nikidondosha kiatu, kimemdondokea yeye.

Nikamwambia Mama Neema narudi Sepuka kwa mdogo wangu, nikalime. Hakubishana. Alisema nitangulie tu, yeye habanduki hapa. Masika yaliyopita mama yake alianguka bafuni, akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia akiita.

Uzee huu nani atanipikia uji? Tena yule mwanamke, nisiseme uongo, nampenda.

Leo nikaenda kuionja hiyo ngazi. Nimefika katikati, namwona mama mkwe anashuka na fimbo yake, kumbe naye kaja kukagua. Njia ya kuacha hakuna. Kurudi chini, magoti yamekataa. Nikageuka, nikaubana uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, nikasubiri apite.

Fimbo ikasimama nyuma yangu.

"Mkwe, geuka. Rangi hiyo haijakauka."

Nikamwamkia shikamoo, bado natazama ukuta. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Sasa lete bega nishuke. Ngazi hizi hazina adabu, afadhali wewe."

Nikampa bega. Tukashuka taratibu, mimi natazama vidole vyangu vya miguu, yeye ananukia ugoro. Mkono wake mwepesi kama kifaranga.

Nimevunja mila au nimeitunza? Marehemu baba angenitandika. Au naye angetoa bega?

Mama Neema amenisugua pua kwa mafuta ya taa, akicheka mpaka akakaa chini.

Kesho asubuhi bwana wa halmashauri anataka jibu kama naichukua hiyo ghorofa ya pili au naiacha, na mimi jibu sina. Ila jioni hii nimezichimbua kwenye gunia zile raba zangu za soli laini, zisizo na kishindo. Nimezivaa. Bado zinanitosha.