Siku Ambayo Sikumwosha Mama

Nzuguni, Dodoma
Ijumaa, 12 Septemba

Dada yangu Nasma,

Asalaam alaykum, na shikamoo yangu uipokee hata kama hutaiitikia. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Shemeji Swalihu, na kwamba lile goti lake sasa linamruhusu kurukuu bila kuguna. Watoto nawasalimu mmoja mmoja. Sisi huku tupo, upepo wa Septemba unatulisha vumbi kama kawaida yake, ukianika nguo nyeupe unaanua za kaki. Kwa desturi hapa ndipo mtu anapoandika kwamba na yeye ni mzima wa afya. Mimi naomba hapo nipaache wazi kwanza, maana ndipo penye habari yenyewe.

Usiikunje, tafadhali. Nakujua. Simu zangu hupokei mwaka wa pili huu, ujumbe wangu unausoma na kunyamaza, ndiyo maana nimeamua kuandika kizamani. Anayekuletea ni Mrisho mwenyewe, ana kazi ya kufunga mabomba huko Kondoa siku mbili. Nimemwambia asiondoke kwako mpaka aone umeanza kusoma. Na mume wangu unamfahamu, ukimkaribisha uji atakaa mpaka Isha, kwa hiyo bora usome upesi.

Dada, nilikuwa mgonjwa. Si malaria wala presha. Nilikuwa na ugonjwa wa akili, na nimeandika maneno hayo matatu bila kuyakata, jambo ambalo mwaka jana nisingeweza. Sasa natibiwa na napata nafuu kubwa. Naona nikwambie hivyo mapema usije ukadhani nakuandikia nikiwa taabani.

Unakumbuka mwaka ule wa corona, kila mlango na ndoo yake ya kunawia? Zile ndoo zikaja kuondolewa, watu wakasahau. Yangu ikabaki. Mwanzoni nilikuwa nanawa kama watu, baadaye nikawa nanawa mara tatu, kisha saba, kisha nikaacha kuhesabu. Nikimaliza, moyo unaniambia bado. Najua kabisa mikono ni safi, naiona kwa macho yangu, lakini lile neno "bado" halitoki mpaka nirudi bombani. Nikitia udhu hivyo hivyo. Mrisho anasali, anamaliza, anakunja mswala, mimi niko kwenye kiwiko.

Na watu walinisifu, Dada. Hilo ndilo lililonimaliza. Kule Chimwaga nilipokuwa napika kwenye mgahawa wa wanafunzi, walinipachika jina la Mama Msafi, wakawa wanakuja kwangu wakipita vibanda vingine vitatu. Majirani wakasema mke wa Mrisho ni mcha Mungu, udhu wake unachukua nusu saa. Mtu akisifiwa kwa ugonjwa wake ataupeleka wapi? Nikajiona nimebarikiwa, huku ngozi ya vidole inachanika na chumvi ikigusa nalia jikoni peke yangu. Baadaye hata wale wanafunzi walichoka, sahani moja ikawa inachukua muda wa kipindi kizima, na mwenye mgahawa akaniambia kwa upole nikapumzike nyumbani.

Nyumbani sasa, maji. Unajua huku kwetu yanatoka kwa mgao, tunajaza simtanki la lita elfu moja tunaishi nalo mpaka zamu ijayo. Likawa linakauka siku ya pili. Mrisho ni fundi bomba wa miaka kumi na tisa, jambo hilo lilimdhalilisha. Akabadilisha koki zote. Akapanda juu, akalizunguka lile tanki akilipapasa kama daktari wa mifugo. Halafu akachimba, Dada, alichimba uwanja mzima kutoka getini hadi jikoni, siku mbili, akitafuta panapovuja. Mimi nimesimama dirishani namtazama anavyotoka jasho, najua panapovuja ni mimi, na sikufungua mdomo. Leo tunacheka mpaka machozi. Siku zile niliona aibu hata kumpelekea chai.

Alipokuja kugundua hakunifokea. Alidhani nimerogwa, akanipeleka kwa mganga mmoja huko njia ya Chemba. Kilichoniokoa na yule mganga ni mkeka wake. Ulikuwa mchafu, una manyoya ya kuku, akaniambia nikae, nikamwambia sikai, akasema hao wanaokataa kukaa ndio mashetani yenyewe, nikamwambia basi mashetani yangu yana akili. Tukarudi nyumbani kama tulivyokwenda.

Aliyetufungua macho ni Maalim Masudi, imamu wa msikiti wetu hapa mtaani. Mrisho alikwenda kumuuliza kwa fumbo, eti kuna mtu anatia udhu mara ishirini, dini inasemaje. Maalim si mtoto, akaja mwenyewe akakaa barazani, akazungumza nami nikiwa nyuma ya pazia. Akaniambia dini imeweka mara tatu na kuishia hapo, na kwamba huo wasiwasi umenishika kiasi ambacho nasaha peke yake haitautoa. Akasema anamjua mtu mzima aliyekuwa hivyo hivyo, akaenda hospitali na leo anasali kwa raha. Kisha akaniambia neno ambalo nimelishika.

"Dua tutakuombea, binti yangu, na hospitali utakwenda. Kimoja hakimfukuzi mwenzake."

Unadhani nilikwenda? Thubutu! Sisi tuliozaliwa huku tangu wadogo mtu akifanya kituko kidogo tu anaambiwa atapelekwa Mirembe, hospitali ya wendawazimu. Nilisema afadhali vidole vikatike. Nikakaa miezi minne mingine na ujinga wangu. Kilichonitoa ni Jaha. Ameshafika miaka saba sasa, ana meno mawili hana. Siku moja alirudi shuleni akasimama mbali nami, akanyoosha mikono yake miwili niikague, akaniambia ameshanawa, je sasa ninaweza kumpakata. Hakuwa analalamika. Alikuwa ameshazoea kwamba mama yake anapatikana kwa kukaguliwa. Nilikwenda kliniki kesho yake asubuhi.

Daktari wa kliniki ya afya ya akili anaitwa Editha, binti mdogo tu, angeweza kuwa mtoto wako wa kwanza. Nilijiandaa kuulizwa kama nasikia sauti au kama huwa navua nguo barabarani. Akaniuliza naishiwa miche mingapi ya sabuni kwa wiki. Nikasema minne. Akaniuliza na mikono inauma? Dada, hakuna aliyewahi kuniuliza kama inauma. Nililia hadi nesi akaleta kiti kingine cha Mrisho, maana naye alikuwa amesimama ukutani analia.

Akanieleza kwamba ugonjwa huu upo, una jina refu la Kizungu, na wanaougua ni wengi na wengi wao wanajificha kama mimi. Ni ugonjwa wa wasiwasi unaomlazimisha mtu arudie jambo hilo hilo, huyu ananawa, yule anarudi kukagua kufuli mara thelathini. Si laana, si uvivu wa imani, na wala sikuutaka. Natumia kidonge kimoja kila siku. Wiki za mwanzo sikuona kitu, nikataka kuacha, akanikataza, na kweli kufikia wiki ya sita lile neno "bado" likaanza kusema kwa sauti ndogo. Na mazoezi juu. Nashika kitasa cha mlango halafu nakaa bila kunawa, dakika tano, kumi, saa nzima. Siku ya kwanza nilitetemeka mwili mzima. Juzi nimekanda unga wa chapati, nikapokea mtoto wa jirani, nikaendelea na shughuli zangu. Simtanki linafika siku ya zamu na maji yanabaki. Mrisho analigonga gonga tumbo anafurahi utadhani amelizaa yeye.

Sasa nifike pale unaponingojea.

Siku ya kumwosha Mama, wewe ulikuwa kichwani, Shangazi miguuni, na mimi nilitakiwa nimimine maji. Mliniita mara tatu. Nilisikia zote tatu. Nilikuwa nyuma ya nyumba kwenye pipa, nanawa, kwa sababu niliona nikimgusa Mama na mikono ile ataingia kaburini na uchafu wangu na hakuna wa kumtoa tena. Nikawa nasema namaliza, namaliza. Nilipofika mlangoni mlikuwa mmeshafunga sanda. Ukanitazama mbele ya kinamama wote ukaniambia, "Umemwonea mama yako kinyaa."

Sikukujibu. Hilo ndilo kosa langu, Dada, mengine yote yalikuwa ugonjwa lakini hilo nililichagua. Nilipima pale pale, nikaona afadhali ndugu zangu wanione nina dharau kuliko wanione nina wazimu. Nikavaa viatu nikaondoka na basi la mchana. Miaka miwili nimekuacha umebeba hasira ambayo haikuwa na mwenyewe. Nisamehe. Sikumwonea Mama kinyaa hata punje. Kinyaa nilijionea mimi.

Na kuna jingine, hili hulijui kabisa. Ile Ramadhani ya mwisho Mama alipokuja kwangu kutibiwa, alirudi akakwambia Shamila kaniogesha vizuri, kanisugua mgongo, Mungu ambariki. Ulinisimulia mwenyewe kwenye simu kwa furaha. Mama alikudanganya. Siku kumi na moja sikumgusa. Kila asubuhi nilisema nina mafua nisimwambukize, na aliyemwogesha ni Paskalia, jirani yangu hapa ukuta wa pili, Mgogo wa Kikristo, aliyekuwa anakuja na kanga yake mwenyewe mabegani na hakuniuliza chochote. Siku ya kuondoka Mama alinitazama mikono muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, huo ni ugonjwa. Nasma sitamwambia, utamwambia wewe ukipona."

Nilimwitikia ndiyo Mama, nikampandisha basi, nikarudi kunawa. Miezi minne baadaye mkanipigia simu kwamba ametutoka.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nimechoka. Kuyaandika kumenichukua asubuhi nzima, lakini kifua ni chepesi, Dada, chepesi kabisa, naona hata hewa ya humu ndani imeongezeka. Nilipaacha wazi pale juu, sasa naweza kupajaza. Bado natibiwa, Daktari Editha anasema itachukua muda na kuna siku nitarudi nyuma kidogo, nisiogope. Ila nalala, nasali vipindi vyangu kwa wakati, na Jaha ananirukia bila kukaguliwa. Kwa hiyo na mimi pia ni mzima, kadiri ya mtu aliyetoka kuumwa.

Kama humo nyumbani au hapo mtaani kwenu kuna mtu unamwona anasifiwa kwa jambo ambalo linamtesa, tafadhali usimsifu. Muulize kama inauma. Ni hilo tu naloomba kwa ajili ya wengine.

Kwa ajili yangu naomba kubwa zaidi. Alhamisi ijayo tarehe kumi na nane nitapanda basi la asubuhi nije Kondoa, mimi na Jaha. Nataka kwenda kaburini kwa Mama, na ukiridhika nataka unisimulie mlivyomwosha, mwanzo hadi mwisho, nani alishika nini, ili nami niwe nimekuwepo. Ukiona huwezi, nitafikia kwa Shangazi na sitakulaumu, maana jeraha nilikutia mimi. Usimpe Mrisho jibu, si mtu wa kubeba maneno, atalichanganya na bei za koki.

Mpe salamu zangu Shangazi, na Shemeji, na yeyote wa siku ile anayeuliza habari zangu. Waambie wote, sina siri tena. Paskalia anakusalimu, anasema Mama alimfundisha kusema alhamdulillahi na mpaka leo inamponyoka kanisani. Jaha amechora kitu hapo nyuma ya karatasi, anadai ni wewe, nimemwambia shingo ni ndefu mno, amekataa kurekebisha.

Ukinifungulia mlango, usiniletee maji ya kunawa, Dada. Nipe mkono.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Shamila