Ufa wa Milimita Nne

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Anakusalimu, anauliza kama unakula.

Nina shida. Hapa ghalani wameleta winchi mpya, mkono mrefu wa chuma uliofungwa kwenye nguzo, na dereva wake ni mimi. Naiendesha nikiwa nimesimama chini, kwa vitufe. Kila nikiinua mzigo mzito, mkono unalia pale unapoungana na nguzo. Nimemwambia meneja, akanijibu, "Chuma kipya hulia kama viatu vipya." Waliotuuzia walileta na mchoro wa kompyuta, karani amenipatia, nakutumia. Si ndiyo kazi yako hiyo, kukaa kwenye kiti kinachozunguka na kupima vyuma visivyoshikika? Nipimie na hiki. Chini ya mkono ule watu wanapita kutwa nzima.

Kaka yako

11 Machi

Shikamoo kaka,

Mimi mzima, na nakula, mwambie mama.

Mchoro nimeupata, ila umefika hoi. Ulichorwa kwenye programu moja, nimeufungua kwenye nyingine, na njiani vipande vimesahauliana. Nikueleze kidogo. Kompyuta hukigawa kila kipande cha chuma kuwa wavu wa vijisehemu vidogo vidogo. Pale pleti, lile bamba la chuma linaloushika mkono, inapogusa nguzo, vifundo vya wavu wa huku lazima vikae sawasawa juu ya vifundo vya wavu wa kule. Visipokutana, uzito wa mzigo hauna pa kuvukia, na jibu linatoka la uongo. Mchoro wako ulikuwa na nyufa kumi na mbili kati ya vipande. Nikaiamuru programu izizibe zote kwa mpigo mmoja, nyavu zikashonana vizuri kabisa.

Jibu ni hili: tani tano inabeba bila wasiwasi. Nimeambatanisha barua ya kumwonyesha meneja, nimeitia sahihi. Inua tu, kaka.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Goti la mama limetulia, sasa ni mgongo.

Barua yako meneja ameibandika ukutani, juu ya saa. Wenzangu wananiita Shemeji wa Kompyuta. Nami najivuna, nisikudanganye.

Ila kelele haijaisha. Na juzi nimeona rangi imepasuka kwenye ukingo wa chini wa ile pleti, mstari mmoja umenyooka kama umepigwa kwa rula. Ni kawaida?

Kaka yako

23 Machi

Kaka,

Shikamoo. Usiinue kitu mpaka umalize kusoma.

Ulipotaja ule mstari nilirudi kwenye mchoro ulivyokuja, kabla sijaugusa. Nyufa kumi na moja ni nyembamba kuliko unywele, ni za kuhamisha mchoro, haziko kwenye chuma. Wa kumi na mbili uko chini ya pleti ile ile, na una milimita nne. Nilikuwa nimeiambia programu izibe chochote kisichofika tano. Ikaziba. Nimepima winchi ambayo nimeijazia chuma mwenyewe, kaka, na sikurudi kuangalia hata mara moja, kwa sababu nyavu zilikutana na nilifurahi.

Tafuta rula nyembamba ya chuma, ipenyeze pale kwenye mstari. Ikizama, pleti haishiki nguzo huko chini, imechomelewa juu tu.

Nisamehe.

Mdogo wako

31 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Rula imezama sentimita sita.

Nilikwenda kwa meneja nikiwa nayo mkononi. Nikamwambia siinui tena. Hakupiga kelele, alinionyesha tu ukutani. "Dada yako mwenyewe ameandika inabeba. Leo nimwamini nani, yeye wa mwezi huu au yeye wa mwezi huu huu?" Nikampa barua yako ya pili. Akasema ile si ripoti, ni mambo ya ndugu.

Vitufe amepewa mwenzangu tunayemwita Mrefu. Mimi nimewekwa langoni, naandika namba za malori. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyeipeleka ile karatasi ofisini nikitembea kwa madaha.

Kaka yako

9 Aprili

Shikamoo kaka,

Mama amenipigia, anasema huli. Tafadhali kula.

Nimemwandikia meneja mara tatu kuifuta barua yangu. Hajibu. Nimewapigia waliowauzia, wanasema mchoro wao ni sahihi. Ni kweli, ufa umo. Ofisi ya usalama kazini wameyapokea malalamiko yangu, wamenipa namba ya kusubiri.

Nimepima upya, ufa nikauacha wazi. Tani mbili, basi. Zaidi ya hapo ule mchomeleo wa juu unararuka kidogo kidogo, na siku gani utaachia siwezi kuijua. Nimejaribu kila njia, kaka, siwezi.

Kinachotoka wazi ni kimoja tu: ukiachia, mkono utajipinda na kuangukia kulia, ukiwa umeitazama nguzo. Mwambie Mrefu asimame kushoto. Sina kingine cha kukupa.

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu za mama. Nimekula.

Nimemwambia Mrefu. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, "Na wanaopita kulia?"

Jana asubuhi nilichora mstari wa chokaa sakafuni, upande wote wa kulia, watu wasikatize. Meneja akaagiza ufagiliwe. Leo nimeuchora tena, umefagiliwa tena. Chokaa bado ninayo.

Nakuandikia hapa langoni, lori limesimama linanisubiri. Mrefu anainua. Nausikia mkono unalia. Amesimama kushoto.

Kaka yako