Picha Niliyoitia Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya bima imefika. Dada kaisoma jikoni kwa sauti ile ile anayowasomea wanafunzi wake alama za barabarani. Kiwango chake cha mwaka kimekwisha, vipimo na upasuaji vimekimaliza. Mwaka wenyewe uko Machi! Dripu ya kwanza ya saratani alilipa wiki iliyopita kwa akiba yake. Zimebaki tano. Ya pili ni Jumanne ya tarehe 18, na mhasibu wa hospitali kashasema: malipo kwanza, kitanda baadaye. Shemeji akauliza kama tunaweza kukata rufaa. Dada akamwambia mumewe akate mkate kwanza, watu wana njaa.

Mjomba ameitisha kamati ya michango kwa simu. Mwenyekiti ni yeye – nani mwingine? Mimi nimepewa picha ya tangazo, maana ndimi mpiga picha wa ukoo. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Tangu Dada anipe habari za ule uvimbe mikono yangu haitulii. Leo nimefuta lenzi mara nne, na haina vumbi.

Jumatano, 5 Machi

Dada kapita studio akitoka kufundisha. Shati la shule ya udereva, midomo kaipaka rangi. Nikamwambia akae vizuri. Akanijibu kwamba yeye ndiye anayewaambia watu wakae vizuri, na mkanda wangu uko wapi? Si bure wanafunzi wanamwita Mama Breki. Nikacheka, nikabonyeza.

Picha imetoka – basi tu. Miaka kumi na moja ya kupiga paspoti, sijawahi kupiga picha nzuri namna hii. Akiaga akasema: usiniweke kinyonge, mdogo wangu, waambie naumwa, inatosha. Nikamwambia aondoe shaka.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo limeingia kwenye grupu saa mbili asubuhi. Watu mia mbili na kumi na wanne! Ndugu, majirani, wanafunzi wake wa zamani. Dada mwenyewe hatukumweka. Mjomba anasema mgonjwa hakai kwenye kikao cha kuchangiwa.

Mpaka saa sita: pole, pole, pole. Waliotoa ni watatu, na mmoja ni mimi. Kisha mwenye duka la vifaa vya ujenzi akauliza, mbona mgonjwa anang'aa hivi, picha ya zamani? Watu wakacheka. Mjomba kanipigia akiwa moto: mpwa wangu, umepiga mgonjwa au bibi harusi?

Nimemkatia mteja picha za viza badala ya paspoti. Nikarudia. Nikakosea tena.

Ijumaa, 7 Machi

Kiguu na njia kutwa. Benki, hospitali, benki. Mhasibu ni mama mpole, na upole wake ndio unaoniudhi. Nilimuuliza kama wanapokea nusu. Akasema angependa kunisaidia. Angependa!

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya.

Dakika kumi tu. Kila siku watu wananiomba niwapunguzie kivuli chini ya macho. Leo nimevuta kile kimstari kwenye kompyuta upande wa pili. Macho yakazama. Mashavu nikayabonyeza kidogo. Midomo nikaifuta rangi, nikaikausha. Ngozi nikaipa ukijivu. Kwenye tabasamu nilisita, nikainuka, nikazunguka studio, nikarudi nikalishusha nalo.

Nimetia chumvi, sawa. Lakini saratani ni ya kweli! Dripu ni za kweli! Sijamzulia mtu ugonjwa.

Nilimtumia Mjomba, naye akaiweka kwenye grupu papo hapo. Kisha akasema, hapo sawa.

Jumapili, 9 Machi

Simu haipoi! Watu ambao hawajanisalimu tangu shule. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi katoa kuliko ndugu wote wa upande wa baba, na ameandika kwamba picha imemnyima usingizi. Mpaka saa kumi, dripu ya pili ilikuwa tayari. Mpaka jioni, nusu ya ya tatu.

Nikakimbia kumwambia Dada. Alikaa kwenye ngazi ya nje, akalia. Hilo sikulitarajia – hakulia hata siku ya majibu ya hospitali. Akasema, kumbe watu wananipenda hivi. Nikasema wanakupenda. Nikaaga kwamba naenda kununua sukari. Sukari ilikuwepo.

Jumanne, 11 Machi

Saa sita mchana Dada kaingia studio. Saa sita! Saa hizo huwa yuko barabarani anafokea watu.

Bosi wake kamnyang'anya ufunguo wa gari la kufundishia. Kamwambia akapumzike mpaka apone. Wazazi wa wanafunzi wawili wameomba mwalimu mwingine, wanaogopa atazimia garini. Dada kamuuliza kwani nimekuwaje? Jana si nimefundisha vizuri? Bosi alikuwa anamwangalia usoni tu, kama anatafuta kitu.

Nilijua anatafuta nini. Uso ulinishuka. Dada akaniuliza kama na mimi naumwa.

Jumatano, 12 Machi

Amejua. Mwanafunzi mmoja kamwonyesha picha ili ampe pole.

Alikuja na simu ya Shemeji. Hakunisalimu. Akaikuza picha kwa vidole viwili – macho, mashavu, midomo – polepole, kama anakagua gari kabla ya safari. Akauliza: huyu nani? Nikaanza kujieleza. Akainua mkono.

"Ugonjwa wangu wa kweli haukukutosha?"

Akasema hatalala kwenye dripu kwa hela iliyochangiwa mtu asiye yeye. Niwaambie watu wote, na anayetaka chake arudishiwe. Vinginevyo Jumanne haendi. Nikamwambia, Dada, huu si mchezo, utakufa. Akasema akifa, afe na sura yake. Akaondoka bila kufunga mlango.

Nimefunga studio mapema. Nimeifungua tena. Sijui nilitaka nini.

Alhamisi, 13 Machi

Hapokei simu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemweleza Mjomba sharti la Dada, amekuja juu. Usithubutu! Ukiwaambia picha umeichezea, watasema na saratani mmeitengeneza kwenye kompyuta. Hakuna atakayetoa tena senti, si kwa huyu wala kwa mgonjwa mwingine wa ukoo huu. Muombe radhi dada yako, mpigie magoti, alale kwenye dripu, mengine baadaye.

Kinachoniumiza ni kwamba Mjomba hajakosea.

Shemeji kapita jioni. Anasema nywele za Dada zimeanza kutoka. Anazifagia mwenyewe, hataki mtu ashike ufagio. Aliniuliza, bila ukali: shemeji, kwani picha ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani? Nimetembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, mara tatu.

Jumatatu, 17 Machi

Kesho saa nne asubuhi. Mhasibu kanipigia mwenyewe: bila malipo saa nne, kitanda kinakwenda kwa mwingine, na zamu ya karibu ni wiki tatu mbele. Daktari hataki hata kusikia wiki tatu.

Saa nane Dada kaingia. Kanyoa kipara. Macho yamezama kidogo – ni kweli sasa, si mimi. Midomo kaipaka rangi. Kakaa kwenye stuli, kavua kitambaa, akasema: piga, na usiguse kitu. Picha mbili ziliharibika. Ya tatu imetoka.

Kisha akanitajia maneno, mimi naandika. Kwamba picha ya kwanza ni yeye. Ya pili ni uongo wa mdogo wake, aliyeogopa. Ya tatu ni yeye leo. Ugonjwa ni wa kweli, karatasi za hospitali hizi hapa. Anayetaka chake aseme, atarudishiwa leo leo. Nikamsihi tutume kesho saa tano, dripu ikishaingia. Akanisogezea simu. Nikatuma.

Robo saa imepita sasa. Mjomba kapiga mara sita. Mmoja kaandika, Mungu akuponye, Mama Breki. Halafu mwenye duka la vifaa vya ujenzi: naomba changu. Nyuma yake wengine, harakaharaka, kama waliokuwa wanasubiri mtu wa kuanza. Nimejumlisha mara mbili. Zinazobaki bado zinatosha dripu ya pili. Mmoja tu akiongezeka, hazitoshi.

Nimeigeuza simu kifudifudi. Naandika humu ili mikono ishike kitu, Dada anadhani naandika oda za wateja. Ameuliza: wangapi wanataka chao?

Kumi na mmoja, kwa hesabu yangu.

Ulimini mwangu kuna "wawili". Ameuliza tena, sasa anashuka kwenye stuli, mkono kaunyoosha kwenye simu –